Tawi la Subilaga

Sindano iliyochomwa kwenye mpeasi wa Subilaga ilianza kusema asubuhi, Atuganile akiwa hajamaliza hata uji wake.

Haikusema kwa sauti. Katika Chumba cha Msimu hakuna kitu kinachopiga kelele. Kwenye kioo kilichofunika ukuta mzima, kila mti wa bonde la Igoje ulikuwa nukta moja ya rangi ya majivu, kwa sababu miti yote ilikuwa imelazwa usingizi. Nukta moja, upande wa mteremko wa juu, iligeuka njano. Aliijua kabla ya kusoma namba yake. Tangu mazishi ya binti yake, kila alipoingia kazini aliifungua nukta hiyo kwanza, akautazama mstari wa utomvu ukipanda na kushuka taratibu, kisha akaifunga na kuanza kazi. Hakumweleza mtu kwa nini. Mwenyewe hakujua.

Maandishi yalisema: Bakteria kwenye gome. Uhakika mkubwa.

Aliweka kikombe chini, akasubiri moyo wake ufanye jambo. Haukufanya. Akachukua kikombe, akamaliza uji.

Tusajigwe, mwenzake wa zamu, aliingia akikung'uta umande kwenye viatu vya mpira. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye tangu msiba alikuwa akipunguza sauti kila alipofika mlangoni, kama anaingia wodini. Alitazama kioo, akatazama mgongo wa Atuganile, akavuta kiti.

"Ni ile ya kwenu, dada?"

"Ndiyo."

"Sindano kuukuu hizo." Tusajigwe aliisema haraka mno. "Zinahesabu joto tu, haziangalii ua wala tunda. Umesahau ya mama Kissa? Alichemshia pombe ya harusi chini ya mti, sindano ikatangaza mapeasi yameiva. Watu wa ushirika wakaja na makreti. Wakakuta walevi."

Atuganile aliikumbuka hadithi hiyo. Zamani ilimchekesha hadi machozi. Alisema kwamba hatua za mti, kweli, sindano inazikisia kwa joto. Lakini bakteria sindano haiikisii. Inaionja.

Tusajigwe hakubisha. Alisema tu kwamba sindano mbovu huandikwa kuwa mbovu, na hakuna atakayepanda mlimani kuhakiki wakati kesho bonde lote linaamshwa.

*

Kesho ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Atuganile alikuwa Mwamshaji wa Igoje, na kazi yake kwa mwaka mzima ilikuwa kuchagua siku moja.

Zamani mipeasi iliamka yenyewe baridi ilipokwisha, na maua yakakuta hewa kavu. Kisha majira yakaharibika, mvua za uvuguvugu zikaanza kuingia katikati ya maua, na zikaja na Moto. Watu waliuita hivyo kwa sababu tawi lililougua lilikuwa jeusi kama lililobabuliwa, na ncha yake ikajipinda kama mkongojo. Mdudu wake ni mdogo kupita macho. Wakati wa baridi analala ndani ya gome na mti hausikii kitu. Joto likija anatoka kwa matone ya kunata, nzi na nyuki wanayakanyaga, wanayapeleka kwenye maua. Juu ya ua, kukiwa na joto, anazaana kwa saa chache tu. Bado hajaua. Anasubiri maji. Mvua nyepesi au umande mzito unamtelemsha hadi ndani ya kikombe cha ua, penye asali, na hapo pana vitundu visivyofungwa. Kutoka ua anaingia kijiti, kutoka kijiti tawi, kutoka tawi shina.

Ua lililofumba haliingiliki. Ua lililokwisha kupukutika halina tena mlango mpana. Hatari yote iko katikati, siku ambazo ua liko wazi, na inategemea mbingu zinafanya nini siku hizo. Ndiyo maana kila shina lilichomwa sindano inayoweza kulilaza, ili matumba yasifumbuke hadi apatikane mtu wa kusema sasa. Lakini usingizi nao una mwisho. Matumba yakilazwa kupita kiasi yanakufa yakiwa yamefumba.

Utabiri wa mwaka huo ulikuwa wazi. Ukavu na baridi kiasi kuanzia kesho, siku za kutosha maua kufunguka na kuanguka. Nyuma yake mvua ya joto, pana, kutoka upande wa ziwa. Bonde likiamshwa kesho litapita. Likicheleweshwa, maua yatakutana na mvua.

Na mbali ya hayo palikuwa na sheria. Baada ya bonde la jirani la Ilembelo kuunguzwa lote na Moto, ushirika uliandika kwamba shamba likipatikana na Moto, uwe kwenye mti mmoja au kwenye miti yote, linang'olewa lote. Atuganile alikuwa mmoja wa walionyoosha mkono sheria ilipopitishwa.

*

Alipanda nyumbani kwa miguu. Mumewe, Gwakisa, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mpeasi wa binti yao, kisogo kimeelekea barabarani. Walikuwa wameupanda mti huo Subilaga alipozaliwa, karibu na ukuta wa jiko, mahali penye jua. Joto la ukuta lilifanya gome lake liwahi kupata joto kuliko la miti mingine, na Atuganile alielewa sasa kwa nini ulikuwa wa kwanza kusema.

Alichukua kisu, akakwangua gome sehemu iliyobonyea kidogo. Chini yake, mahali palipopaswa kuwa na weupe wa kijani, palikuwa na michirizi ya rangi ya kutu. Alionyesha mumewe. Gwakisa aliangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo alikuwa nao tangu wakati ule," alisema.

"Mti ndio ulikuwa nao."

"Nasema mti."

Hawakuhitaji kukumbushana ya wakati ule, kwa sababu wote wawili walikuwepo, na nusu ya bonde ilikuwepo. Subilaga aliinama kufunga kamba ya kiatu mlangoni pa darasa alilofundisha, hakuinuka. Walimzika katikati ya baridi, kwenye tope, njia ikiwa haipitiki kwa gari, na vijana na wazee wa ukoo walibeba jeneza mabegani kutoka barabara kuu hadi juu. Kwa desturi ya Igoje, aliyebeba jeneza hupewa kikonyo, kitawi kichanga kilichokatwa kwenye mti wa marehemu, akakipandikize kwenye mti wake mwenyewe. Kikichipua huitwa kwa jina la marehemu, tawi la fulani, na mapeasi yake huliwa na watoto kwanza. Kisu kinachokata vikonyo hakioshwi wala hakifutwi hadi mbebaji wa mwisho amalize kupandikiza shambani kwake. Kukiosha katikati ni sawa na kumtua marehemu njiani.

Kisu kilishikwa na Ambokile, mdogo wake Gwakisa. Kilizunguka bonde siku nzima, kutoka shamba hadi shamba, na utomvu wa mti huu ukiwa umekauka juu yake. Katika siku nyingine zote za mwaka, hakuna mkulima wa Igoje ambaye angekata miti miwili bila kuchovya kisu kwenye spiriti. Watoto wa shule ya msingi wanaijua kanuni hiyo. Siku ile hakuna aliyeikumbuka, na kama yupo aliyeikumbuka, aliona ni aibu kuitaja.

"Miti ya wengine imeonyesha?" Gwakisa aliuliza.

Alimjibu kwamba bado. Vikonyo vilikuwa juu kwenye matawi, vimelala kwenye kivuli na baridi. Havingeonyesha hadi viamke, na vikiamka nyuki watakuwa wamekwisha kupita.

Gwakisa alisugua magoti yake. Kisha akasema alichokuwa nacho, polepole, kama mtu aliyekifikiria kabla hajaulizwa. Mwamshaji ana uwezo wa kuamsha shamba moja na kuliacha jingine. Aamshe bonde, mashamba ya wabebaji ayaache yalale, aseme sindano zao zimekataa. Watakosa mavuno ya mwaka mmoja. Watanung'unika, watazoea. Wakati wa baridi ijayo atatafuta namna ya kuyakata matawi, moja moja, kwa kisingizio chochote. Hakuna shamba litakalong'olewa.

"Walimbeba mwanangu kwenye tope," alisema. "Siwezi kuwaendea kuwaambia tulichowapa."

Atuganile alimwambia atafikiri. Aliingia chumba cha kuhifadhia makreti, mahali alipozoea kusali kila mwaka siku moja kabla ya kuamsha, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

Miaka iliyopita maneno yalikuja yenyewe. Alitaja mashamba kwa majina, akamwomba Mungu ayashike. Siku hiyo alitaja majina na kila jina lilitoka mdomoni likiwa kavu kama amri ya mashine. Aliomba apate kuona uchungu, ili ajue lipi ni zito kuliko lingine. Alingoja. Alisikia kuku nje. Alifikiri kwamba hila ya Gwakisa ilikuwa ya huruma, na ya Tusajigwe pia, na kwamba zote mbili zilikuwa na tundu moja: mbebaji asiyejua atakwenda kukata kikonyo kingine. Msiba mwingine ungekuja, ungekuja tu, na kisu kingepita kwenye tawi la Subilaga kikaenda kwa wengine, na wangefanya hivyo kwa upendo.

Alikuwa akimwomba Mungu ampe moyo kwanza, ndipo atende. Magoti yalimuuma. Akasimama bila kupewa kitu, akaenda kuwaita wabebaji.

*

Walikutana banda la kufungashia matunda, saa za alasiri. Walikuja na nguo za shamba, wakidhani wanaitwa kupangiwa zamu za mizinga ya nyuki. Walimsalimu kwa sauti ya chini ambayo watu walikuwa bado wanaitumia kwake. Tusajigwe alisimama karibu na mlango. Gwakisa alikuja pia, akakaa nyuma, juu ya kreti.

Atuganile aliwaeleza kama anavyoeleza utabiri. Mti wa binti yake una Moto. Kisu kilichokata kule kilikata kwao. Kikonyo alichopewa kila mmoja, na tawi kilipopandikizwa, vihesabiwe kuwa vimeambukizwa, na kesho mashamba yao hayataamshwa. Aliwaambia pia yale mengine mawili, kwamba angeweza kuisema sindano kuwa mbovu, na kwamba angeweza kuyaacha mashamba yao yalale bila kuwaambia sababu. Hakusema ni nani aliyeyapendekeza.

Kisha Syabumi, mbebaji mwenye shamba kubwa kuliko wote, alicheka kidogo kwa pua.

"Kwa hiyo msiba wenu umetoka kwenu umehamia kwangu," alisema. "Nimeubeba kweli."

"Syabumi," mtu alimwonya.

"Mwacheni," alisema Atuganile.

Syabumi aliendelea, bila kupaza sauti. Alisema mwaka mzima atakaa mlangoni anaangalia maua ya wenzake. Alisema mama yake, bibi kizee asiyeona vizuri, huenda kila asubuhi kulipapasa tawi lile na kuliuliza limelalaje. Sasa amwambie nini? Alimtazama Atuganile kana kwamba anasubiri alie, ili yeye apate kunyamaza. Atuganile hakulia. Alijua ingekuwa rahisi kwao wote kama angelia.

Ambokile ndiye aliyesimama. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mzee wa kanisa, na alikitoa kisu chenyewe mfukoni, kimefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa hajakiosha bado. Alikuwa amekitunza hivyo.

"Shemeji, nikuulize jambo moja. Mti ukiwa umelala, yule mdudu anatembea?"

"Anatembea kidogo sana. Kwenye tawi lililopandikizwa juzijuzi, hajafika mbali."

"Tukikata leo, mbali chini ya pale tulipounga?"

"Shina linaweza kupona. Siahidi."

"Na bodi ya ushirika?"

Alimwambia kwamba bodi ataipigia simu yeye mwenyewe kabla ya kuamsha, na ataisomea yote. Shamba lake mwenyewe litang'olewa, hilo hatalipinga. Yao ataomba yaachwe yakiwa yamelala, yakaguliwe msimu ujao. Wanaweza kukubali. Wanaweza kuleta trekta keshokutwa.

Ambokile alikaa akikigeuza kisu. Alisema wakati ule alipokizungusha bonde zima hakuona kama anafanya kosa, na hata sasa, akifikiri, haoni kwamba angeweza kukiosha mbele ya watu. Labda mtu mwingine angeweza. Kisha akamwomba Tusajigwe chupa ya spiriti iliyokuwa juu ya meza, akamimina kwenye bakuli, akazamisha kisu mbele yao wote. Maji ya spiriti yakageuka rangi ya chai.

"Hatumtui njiani," alisema. "Tunambeba kumrudisha. Syabumi, tuanze kwako au kwangu?"

Syabumi alitazama kisu ndani ya bakuli.

"Kwangu," alisema. "Mama akiwa bado yuko macho."

*

Jua lilipochomoza Atuganile alikuwa kwenye kiti chake. Kwa dirisha aliona sehemu ya mteremko wa juu, na watu wadogo wakipanda kwa mstari, kila mmoja na tawi begani. Walikuwa wakilipeleka kila tawi nyumbani kwake, ukutani pa jiko, kwenye mti lilikotoka, ambao sasa ulikuwa umezungushiwa kuni. Hawakuimba. Njia ilikuwa kavu safari hii.

Yeye hakuweza kuwa pale. Siku za ukavu zilikuwa zimeanza na bonde haliamshwi kwa simu.

Bodi aliipigia kwanza. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama anajua maana ya kuliweka jambo hilo kwenye kumbukumbu. Alisema anajua. Mwenyekiti alisema sheria ni ile ile. Shamba lake lote ling'olewe wiki hiyo. Mashamba ya wabebaji yalale, na msimu ujao sindano moja ikisema, moja tu, yote yatang'olewa. Kisha akampa pole, kwa sauti ya mtu anayetafuta namna ya kukata simu.

Atuganile alisali kwa sauti, kwa kuwa ndiyo desturi ya chumba, na Tusajigwe akaitikia. Akaweka kidole kwenye kioo. Aliyachagua mashamba ya bonde, akayaondoa ya wabebaji moja baada ya jingine, akaliondoa la kwake, akaamsha. Nukta zikaanza kubadilika kutoka majivu kwenda kijani hafifu, kutoka chini mtoni kupanda juu, na kila moja ikaandika neno lile lile: Kuvimba. Katikati ya ule ukijani palibaki viraka vya majivu. Mwaka huo wote angekutana na viraka hivyo, na njiani angekutana na wake za wenye viraka, na wengine wangeitikia salamu yake na wengine wasingeitikia.

Moshi ulionekana dirishani, mnyoofu, kwa sababu hapakuwa na upepo.

"Dada," alisema Tusajigwe. "Kioo."

Walisahau kuchomoa sindano. Au Gwakisa hakutaka ichomolewe. Nukta ya mti wa Subilaga ilikuwa imetoka kwenye njano, na maandishi kando yake yalikuwa yanakimbia. Sindano ilihisi joto, na hatua za mti haikuzijua kwa njia nyingine ila kuhesabu joto. Ikaandika: Kuvimba. Kabla hajamaliza kusoma ikaandika: Matumba ya waridi. Ikaandika: Maua. Neno hilo lilikaa kidogo zaidi ya mengine, labda Ambokile alikuwa anaongeza kuni. Kisha: Kupukutika. Kisha: Tunda changa. Miti mingine yote ya bonde ilikuwa bado kwenye neno la kwanza.

Tusajigwe alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Pengine alikuwa amekumbuka hadithi yake ya pombe na makreti.

Tunda limeiva, ikaandika sindano. Kisha, kama inavyofanya kwa kila mti ufikapo hapo, ikauliza swali lake la kawaida, swali linalomhitaji Mwamshaji alijibu kwa mkono wake ndipo mti ufungwe kwa mwaka huo: Mavuno yamepokelewa?

Atuganile alisoma hadi alama ya kuuliza. Aliangalia moshi, akarudisha macho kwenye kioo. Nukta ilikuwa bado inang'aa, inasubiri, na isingesubiri sana.

Alinyoosha mkono, ikambidi aushike kwa mkono wa pili.

Akajibu ndiyo.